Boksi la kanda la jirani, na Jumamosi za Baba Morogoro

Najua nimepotea hapa kijiweni. Zamu za usiku zimenikaba, wenzangu wanaamka ndiyo mimi naenda kulala, kama popo. Leo nimepumzika, nimebandika maharage, basi nikaona niwaletee kahistoria kadogo. Ni ka muziki, na Baba yumo ndani yake, kwa hiyo aliye karibu naye amsomee, tena kwa sauti maana sikio la kushoto mnalijua.

Jumamosi iliyopita natoka kazini nikamkuta jirani yangu katandaza vitu mbele ya nyumba. Huku Westerville, joto likianza, watu hutoa viti, vyombo na nguo za watoto waliokwishakua, wakaviuza hapo hapo kwa bei ya karanga. Huyu jirani ni mzee mstaafu, mpole, kazi yake kufyeka majani. Pembeni ya masufuria nikaona boksi la viatu limejaa kanda za kaseti, zile zile tulizokuwa tunazungusha kwa kalamu ya Bic. Kila moja imeandikwa kwa mkono mji na tarehe. Nikasoma tatu zilizofuatana: Columbus, 11 Juni 1993. Buffalo, 13 Juni. Louisville, 15 Juni. Nikajua ni mahubiri, nikamwuliza shilingi ngapi. Akacheka mpaka akakaa. Akasema vyote hapa vinauzwa, isipokuwa hilo boksi.

Kumbe mzee wa watu alikuwa mfuasi wa Grateful Dead. Mama, usishtuke, maana yake ni "wafu wenye shukrani", ni jina la bendi tu. Ilianza California mwaka 1965, na mpiga gitaa wake mkubwa alikuwa Jerry Garcia. Wapenzi wake waliitwa Deadheads, na hawa hawakuwa wapenzi wa kununua sahani na kukaa nazo sebuleni. Bendi ikihama mji, nao wanahama. Wiki ile ya Juni 1993 bendi ilipiga Buckeye Lake, uwanja wa wazi ulioko Hebron, mashariki ya Columbus, si hata saa moja kwa gari kutoka hapa nilipo. Baada ya siku moja ya kupumzika ikapiga uwanja wa mpira wa Buffalo, halafu usiku mbili Freedom Hall, Louisville. Columbus mpaka Buffalo ni kama kilomita 530. Buffalo kushuka Louisville ni zaidi ya 800. Jirani alizikata zote kwa gari bovu, na wenzake watatu, wakilala humo humo.

Nikamwuliza swali ambalo shangazi zangu wote mngeuliza: kazini ulisemaje, na hela ya petroli ulitoa wapi? Kazini alidanganya anaumwa mgongo (sasa unamwuma kweli, namwambia Mungu si Athumani). Hela, nje ya kila onyesho kulikuwa na soko. Wafuasi wenyewe walikuwa wanauza mikate ya jibini ya kukaanga, fulana walizopaka rangi kwa mikono yao, bangili na shanga. Yaani mama ntilie kabisa, ila mama ntilie mwenye nywele ndefu anayehama na mteja wake! Umekula Columbus, unamkuta tena Buffalo. Sikutegemea kusikia hilo kwa Mzungu.

Lakini kilichonifanya nisilale siku ile ni zile kanda. Bendi nyingi za hapa zikikukuta na kinasa sauti ukumbini, zinakutoa. Hawa waliwaachia watu warekodi, na mwaka 1984 wakaamua kabisa kuwatengea sehemu yao, pale nyuma ya fundi mitambo. Ungeona msitu wa maikrofoni juu ya vijiti. Sharti lilikuwa moja: kanda haiuzwi. Unabadilishana, au unampa mwenzio bure anakuletea kaseti tupu. Bendi ilipiga maonyesho kama 2,300 katika miaka 30, na kwa sababu ya watu wa aina ya jirani yangu sehemu kubwa sana ya usiku hizo bado zipo, unazisikiliza leo kwenye intaneti kwa tarehe na mji, pamoja na makosa yao na kukohoa kwa watu. Mwisho haukuwa mzuri. Mwaka 1987 walipata wimbo uliopanda sana redioni, umati ukawa mkubwa kupita kiasi, na Julai 1995 kule Indiana watu wasio na tiketi wakavunja uzio, onyesho la kesho yake likafutwa. Garcia akafa Agosti 9 mwaka huo huo. Jirani anasema alilia kwenye maegesho ya duka.

Basi nikiwa nimesimama pale na viatu vyangu vya wodini nikamkumbuka Baba.

Mnaomjua leo na kofia yake na redio yake mtashangaa, lakini kijana yule wa Ilala alikuwa akipokea mshahara Jumamosi, jioni hayupo Dar. Yuko kwenye treni ya Morogoro. Kilomita kama 190, kwenda kumsikiliza Mbaraka Mwinshehe na Morogoro Jazz. Wadogo zangu msiojua, miaka hiyo ya 60 na mwanzo wa 70 Morogoro ndiyo ilikuwa mji wa muziki wa nchi, mji mdogo wenye bendi mbili kubwa zinazowindana. Upande mmoja Morogoro Jazz, upande wa pili Cuban Marimba ya Salum Abdullah.

Na huyu Salum Abdullah ndiye mfuasi kupita wafuasi wote ninaowataja. Miaka ya 40, akiwa kijana, alinogewa na zile sahani za santuri za Cuba mpaka akatoroka nyumbani aende huko huko Cuba muziki unakotoka. Alifika Mombasa, meli hakupata, akarudi. Sasa fikirieni: kutoka Mombasa kuna bahari mbili mbele yake! Jirani yangu na Buffalo yake hajafika hata robo. Aliporudi akaanzisha bendi yake mwenyewe, Cuba ikawa Morogoro. Alikufa kwa ajali ya gari Novemba 1965, na Baba hakumwahi.

Mbaraka alimwahi, mara nyingi. Mbaraka aliingia Morogoro Jazz miaka hiyo ya katikati ya 60, mwaka 1970 wakapelekwa Osaka, Japani, kwenye maonyesho ya dunia, mwaka 1973 akatoka akaunda Super Volcano. Januari 1979 naye ajali ya gari, Mombasa, ana miaka 34 tu. Mama anasema siku ile redio ilipotangaza Baba aliweka kijiko chini na hakula mpaka kesho yake.

Na kitu gani kimebaki? Nyimbo za studio zipo, namshukuru Mungu, "Shida" ninayo mpaka kwenye simu na naisikiliza nikielekea kazini kwenye theluji. Lakini wimbo wa sahani ulibanwa dakika chache uenee upande mmoja. Baba anasema ukumbini gitaa lile lile lingeweza kwenda mpaka mtu unasahau uliyekuja naye. Hicho hakipo kwenye simu yangu. Baba hakuwa na kinasa sauti, alikuwa na nauli tu.

Jirani akanipa kanda ya Louisville. Nikamwambia si ulisema haiuzwi. Akasema siuzi, ni ya kubadilishana, niletee ya kwako. Kaniazima na redio ya kuichezea. Kwa kweli muziki wenyewe ni mrefu, nilisinzia, ila kuna mahali mtu karibu na maikrofoni anacheka, na jirani anasema ni yeye.

Nikampigia Baba usiku huo. Nikamwuliza, ukiingia ukumbini Morogoro unakuta nini kwanza? Akakaa kimya, nikadhani laini imekatika. Halafu akaanza, na jasho la watu, na bei ya kiingilio, na rafiki yake aliyeachwa na treni ya alfajiri. Robo saa. Majina mawili aliyachanganya, akarudi nyuma, akachanganya tena. Nyie mnaokaa naye mnajua zaidi yangu hali ikoje siku hizi.

Kwa hiyo mdogo wangu wa mwisho, wewe mwenye simu nzuri: Jumapili baada ya chakula, kabla hajalala, weka simu mezani karibu na upande wa kulia, bonyeza kurekodi, mwulize habari ya ile treni. Usimsahihishe. Akiimba mwache aimbe. Ukimaliza nitumie, jirani anasubiri zamu yake.