Kijiji cha India na Safu za Sensa

Sensa ya 2011 ilihesabu nchini India watu bilioni 1.21, na milioni 833 kati yao, karibu asilimia 69, waliishi vijijini. Vijiji vilikuwa takriban 640,000. Zaidi ya 40,000 havikuwa na mkazi hata mmoja, kwa kuwa katika madaftari ya serikali kijiji ni eneo la ardhi lililopimwa kwa ajili ya kodi, liwe na watu au lisiwe nao. Kila kijiji kina mstari wake wa tarakimu: kaya, wanaume, wanawake, watoto wa chini ya miaka 7, wanaojua kusoma, wenye kazi. Mstari huo unaaminika, ila unaeleza idadi kuliko unavyoieleza jamii.

Pengo kubwa ni jati, yaani kundi ambalo mtu huzaliwa ndani yake na kwa kawaida huoa humo humo. Hesabu kamili ya jati ilichapishwa mara ya mwisho katika sensa ya 1931. India huru ilibaki na safu mbili tu: Jati Zilizoorodheshwa, ambazo zamani zilihesabiwa kuwa najisi, na Makabila Yaliyoorodheshwa. Hata safu ya kwanza ina mipaka ya kidini, maana inawapokea Wahindu, Wasikh na Wabudha pekee. Hivyo Mkristo wa Tamil Nadu aliye Dalit, yaani wa jati zilizohesabiwa kuwa najisi, anaweza kuishi mtaa mmoja na ndugu zake Wahindu, akabaguliwa kama wao, na bado asionekane katika safu yao. Ni Aprili 2025 tu ambapo serikali iliamua kuhesabu jati zote katika sensa ijayo.

Wanaanthropolojia waliona mapema kwamba wingi peke yake hautoshi. M. N. Srinivas, aliyefanya utafiti mwaka 1948 katika kijiji alichokiita Rampura, karibu na Mysore, alieleza nafasi ya jati ya Waokkaliga kwa wingi wao pamoja na mashamba yao. Kundi la namna hiyo aliliita jati tawala. André Béteille naye, katika kijiji cha Tanjore alichokipa jina Sripuram, alikuta ramani ikisema mengi: Wabrahmani walikaa mtaa wao, agraharam, na Wadalit walikaa cheri, mbali na makazi ya wengine. Lakini nguvu za kisiasa zilikuwa zimekwisha kuanza kuwatoka Wabrahmani.

Safu ya kazi inafichua zaidi. Mwaka 2001 wakulima walikuwa milioni 127 na vibarua wa mashambani milioni 107. Miaka 10 baadaye wakulima walishuka hadi milioni 119, vibarua wakapanda hadi milioni 144. Kijiji cha wakulima wadogo kilikuwa kinageuka kuwa kijiji cha watu wanaolima shamba la mwingine.

Wanawake ni suala jingine. Kaskazini, desturi humtaka msichana aolewe nje ya kijiji chake, kwa hiyo wake wengi wa kijiji chochote wamezaliwa kwingine, ilhali wanaume ni wenyeji. Kusini, ambako ndoa za binamu huruhusiwa katika jati nyingi, bibi arusi huweza kuhamia kwa mjomba wake. Tofauti hiyo huathiri ulinzi alio nao mke akigombana na wakwe, lakini sensa humwandika tu kama mhamiaji kwa sababu ya ndoa.

Tarakimu hizo hugawa pia madaraka. Tangu marekebisho ya 73 ya katiba, yaliyoanza kutumika 1993, viti vya baraza la kijiji, panchayat, hutengwa kwa Jati na Makabila Yaliyoorodheshwa kwa uwiano wa idadi yao, na si chini ya theluthi moja hutengwa kwa wanawake. Hata hivyo, katika baadhi ya vijiji ambako mwenyekiti ni mwanamke, mume wake ndiye anayeongoza vikao.