Daftari la Wote, Macho ya Wachache

Historia ya masoko ni, kwa sehemu kubwa, historia ya nani anaijua bei kabla ya wenzake. Mwaka 1850 Paul Julius Reuter alitumia njiwa kuziba pengo lililokuwapo kati ya nyaya za telegrafu za Aachen na Brussels. Njiwa walilitangulia treni, na wafanyabiashara wakalipia saa hizo chache. Mwaka 1867, huko New York, Edward Calahan alibuni mashine iliyochapa bei za hisa kwa vifupisho juu ya utepe wa karatasi. Aliyetaka kufaidika nayo alihitaji mashine yenyewe na ujuzi wa kuisoma lugha yake. Mwaka 2010 kampuni ya Spread Networks ilikamilisha kebo kati ya Chicago na New Jersey, iliyonyooshwa hata kupasua miamba, ili kuokoa milisekunde chache tu. Chombo kilibadilika, faida ilibaki kwa mwenye kumudu kukikodi.

Sarafu za kidijitali zilikuja na ahadi ya kuikata historia hiyo. Daftari la Bitcoin, lililoanza Januari 2009, liko wazi kwa yeyote mwenye kompyuta na intaneti. Ethereum, iliyozinduliwa Julai 2015, iliongeza programu zinazojiendesha ndani ya daftari lake la namna hiyo, yaani blokucheni. Novemba 2018 ikafuata Uniswap, soko lisilo na dalali wala ofisi: watu huweka jozi ya sarafu katika hazina ya pamoja, na kanuni ya hesabu ndiyo inayopanga bei. Watetezi wake walisema kwamba pale ambapo kila muamala unaonekana na wote, hapana wa kumpunja mwenzake.

Lakini kuonekana si kusomeka. Muamala wa Ethereum, kabla ya kuingizwa katika daftari, kwa kawaida hukaa kwanza katika foleni ya wazi. Anayeichungulia foleni hiyo huona mfululizo mrefu wa tarakimu na herufi. Baiti 4 za mwanzo za maelekezo yake hudokeza kazi inayoombwa, kama vile kubadilisha sarafu. Zinazofuata hubeba kiasi na masharti. Kuzisimbua kunahitaji maelezo ya programu husika, kompyuta iliyounganishwa na mtandao muda wote, na wataalamu wa kuitunza. Tena kazi hiyo lazima ifanyike papo kwa papo, kwa kuwa tangu Septemba 2022 nafasi ya ukurasa mpya wa daftari hutokea kila baada ya sekunde 12.

Wenye uwezo huo waliutumia. Roboti huona kwamba mtu anakaribia kununua sarafu fulani. Hulipa ada kubwa zaidi ili itangulizwe, hununua kwanza na kupandisha bei, humwacha mnunuzi anunue kwa bei hiyo ya juu, kisha huuza mara moja. Mwaka 2019 Philip Daian na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha jinsi roboti hizo zilivyoshindana kwa kupandishiana ada. Mwaka uliofuata Dan Robinson na wenzake walijaribu kuokoa sarafu za thamani ya takriban dola 12,000 ambazo mtu alikuwa amezituma kimakosa. Walijitahidi kuuficha mpango wao, lakini roboti iliusoma muamala wao ukiwa kwenye foleni, ikaunakili na kuzichukua sarafu zile. Hao walikuwa mabingwa wa fani; raia wa kawaida angefanya nini?

Dawa iliyotafutwa inafundisha zaidi kuliko ugonjwa. Wafanyabiashara wengi sasa hupeleka miamala yao kwa njia za faragha, isipite katika foleni ya wazi. Wanapata kinga, lakini wanalazimika kumwamini mwenye njia hiyo. Soko lililojengwa ili kumwondoa mtu wa kati limemrudisha kwa mlango wa nyuma.

Jambo hili linatuhusu. Kenya mwaka 2023 na Tanzania mwaka 2024 zilitunga sheria za kukata kodi ya asilimia 3 katika uhamishaji wa mali za kidijitali. Kenya imekwisha kuibadilisha kodi hiyo, lakini swali la msingi liko palepale: dola itatozaje au italindaje kile isichoweza kukisoma? Mamlaka isiyo na wasimbuaji wake itategemea taarifa za kampuni zilezile inazopaswa kuzisimamia, kama mkaguzi anayesomewa hesabu na mkaguliwa.

Wanaharakati wetu wamezoea kudai nyaraka zitolewe hadharani, na dai hilo ni la haki. Historia hii inatutaka tuongeze la pili: wahitimu wa takwimu na kompyuta waajiriwe katika ofisi za umma, na vyuo vyetu viwafundishe kuyasoma madaftari haya. Uwazi bila wasomaji wa umma humnufaisha yule aliyekwisha kununua miwani.