Bahari ya Forodhani, uwanja wa ngalawa

Unguja haina ziwa la kushindanishia mashua. Uwanja wake ni bahari iliyo mbele ya Forodhani, kati ya ukuta wa Mji Mkongwe na visiwa vya Changuu, Chapwani na Bawe. Hapo ndipo ngalawa zimeshindana katika tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998.

Ngalawa ni chombo cha mvuvi. Kiini chake ni gogo lililochongwa, mara nyingi la mwembe, jembamba kiasi kwamba bila mbao mbili za pembeni lingepinduka. Upepo ukishika tanga, nahodha hukamata usukani na baharia hupanda upande wa upepo kuizuia isilale. Upepo ukianguka, makafi hushika kazi.

Mahali penyewe pamekubali mchezo huo. Mji upo magharibi ya kisiwa, kwa hiyo kusi hufika hapo ikiwa imekwisha kupunguzwa na nchi kavu. Kinga hiyohiyo ndiyo iliyoyavuta majahazi ya kaskazi kutoka Arabuni na Bara Hindi, na masultani wakajenga majumba yao ufukweni.

Hata hivyo, bahari hii imeona mengi. Kimbunga cha Aprili 1872 kilizamisha meli za Sultan Barghash na kung'oa mikarafuu mashambani. Mwaka 1883 akajenga jumba la Beit al-Ajaib mbele ya maji hayo. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza ziliishambulia kasri ya masultani, na vita vikaisha kabla ya saa moja kutimia. Meli ya kisultani, Glasgow, ilizama palepale. Milingoti yake ilibaki imechomoza juu ya maji hadi 1912.

Nyuma ya mji kulikuwa na maji mengine. Mkono wa bahari uliingia kati ya Mji Mkongwe na Ng'ambo, ukijaa wakati wa bamvua na kubaki tope maji yakipwa. Katika karne ya 20 ulifukiwa kidogo kidogo, na leo magari hupita Darajani palipokuwa na maji.

Maji ya nyuma hayarudi tena, lakini ya mbele bado yapo. Wanaopanga ujenzi wa ufukwe wa Forodhani wasisahau kuziachia ngalawa njia.