Mgogoro, Wahusika na Msuko: Kutoka Kusadikika hadi Rosa Mistika

Katika uhakiki wa riwaya, mgogoro huelezwa mara nyingi kuwa ni pambano baina ya mhusika mkuu na mpinzani wake. Maelezo hayo si ya uongo, lakini yana mipaka, na historia ya riwaya ya Kiswahili yenyewe ndiyo inayoidhihirisha mipaka hiyo.

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa bado chini ya utawala wa Uingereza. Mgogoro wa kitabu hicho umewekwa barazani: Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha uanasheria. Majina yenyewe yanatosha kumwonyesha msomaji upande wa haki. Wahusika hao ni bapa. Hawabadiliki tangu mwanzo hadi mwisho. Msuko nao unafuata mwenendo wa kesi. Mshtakiwa anajitetea kwa kusimulia visa vya wajumbe sita waliotumwa kaskazini, kusini, mashariki, magharibi, mbinguni na ardhini, nao waliporudi na mema wakatiwa gerezani. Kila kisa ni hoja. Mgogoro unapata suluhisho kwa sababu mwamuzi yupo: mfalme anasikia, anasadiki, na anaamuru wafungwa wafunguliwe.

Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa Rosa Mistika (1971). Humo mpinzani hapatikani kwa urahisi. Zakaria, baba mlevi, anamchunga bintiye kwa ukali, akidhani analinda heshima yake. Rosa anapofika shuleni, mbali na jicho la baba, anakutana na uhuru ambao hakufunzwa kuutumia, na mwishowe anajiua. Je, adui ni Zakaria, ni wanaume waliomchezea Rosa, au ni Rosa mwenyewe? Msuko hauendi tena kwa hoja, bali kwa sababu na matokeo: malezi yanazaa woga, woga unazaa upotovu, upotovu unazaa maangamizi. Mgogoro umehama barazani, umeingia nyumbani na nafsini. Katika Kichwamaji (1974) Kezilahabi aliuzamisha zaidi katika nafsi ya Kazimoto, kijana msomi, naye pia anajiua.

Haifai kudai kwamba mtindo wa pili umeufuta ule wa kwanza. Wahusika bapa wa Kusadikika wanafaa kwa kazi yao, yaani kuishtaki dhuluma hadharani. Kosa ni kuvisoma vitabu vyote viwili kwa ufunguo mmoja. Rosa Mistika ilizuiwa kwa muda katika shule za Tanzania kwa hoja ya maadili. Mwanafunzi anayetafuta humo mwema na mwovu atamhukumu Rosa au Zakaria, kisha atafunga kitabu. Swali la riwaya, yaani nani anawajibika kwa mtoto aliyelelewa kwa fimbo bila mafunzo, litabaki bila kuguswa.