Maumivu ya mugongo yenye haiishe: yanatoka wapi, yanatunzwa namna gani?

Lubumbashi, watu wengi wanabeba masaki ya makala, bidoni za maji ao mawe ya madini kila siku. Kisha kiuno kinaanza kuuma. Maumivu yakipita miezi 3, waganga wanasema ni ya kudumu.

Chini ya mugongo kuna mifupa 5 yenye kubeba uzito wa mwili. Kati ya mufupa na mufupa kuna kitu laini sawa kamuto. Kinachakaa na miaka. Kikitoka pa nafasi yake kinaweza kufinya mushipa, na uchungu unashuka mpaka mu muguu. Lakini kwa wagonjwa wengi, hata picha haionyeshe sababu moja ya wazi.

Mu mwaka 2020, watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno. Mu Desemba 2023, Shirika la Afya Duniani (OMS) lilishauri mazoezi ya mwili na kumufasiria mugonjwa ugonjwa wake. Halishauri mikaba ya kiuno, wala dawa kali sawa tramadoli kuwa dawa ya kila siku. Kulala siku nzima pia kunazoofisha mugongo: tembea pole pole, gawanya muzigo, kunja magoti ukiinua.

Kimbia hospitali, sawa Jason Sendwe, kama miguu inakosa nguvu, mikojo inatoka yenyewe ao kuna ganzi kati ya mapaja. Homa, kukonda na jasho la usiku? Inaweza kuwa TB ya mifupa. Inapona, na dawa zake ni bure.