Columbo na sumu ya kwenye mvinyo

"Murder Under Glass" ni moja ya filme za televisheni ya Marekani zinazoitwa "Columbo". Ilionyeshwa mara ya kwanza Januari 1978. Peter Falk anacheza Luteni Columbo, mpelelezi wa polisi ya Los Angeles.

Paul Gerard kazi yake ni kuandika restora gani inapika vizuri, na wenye restora wanamupa matabishi ili awasifu. Vittorio Rossi anachoka kulipa, anataka kufichua yote. Wanakula pamoja, Gerard anaondoka. Vittorio anafungua mvinyo mwingine, anakunywa, anakufa.

Chakula kilikuwa safi. Sumu ilitoka kwa fugu, samaki wa jamii ya bunju anayeogopwa na wavuvi wa pwani, na ilipitia kwenye sindano ya kifungulio cha chupa.

Lakini sumu siyo iliyomuchoma Gerard kwanza. Alipoambiwa mutu aliyekula naye amekufa kwa sumu, mwingine angekimbilia hospitali, si ndiyo? Yeye akarudi tu kujibu maswali ya polisi. Columbo akamushuku papo hapo. Ushahidi njo ulimuchukua muda, na kila alikopita wapishi walimulisha.