Rangi ya Buluu ya Sahani za Ulaya

Ile buluu ya sahani za Ulaya hutoka katika jiwe la kobalti. Wachimbaji wa Saxony, Ujerumani, waliliogopa: likichomwa lilitoa moshi wa sumu, wakaliita kwa jina la pepo, Kobold. Lakini katika miaka ya 1600 wafinyanzi wa Delft, Uholanzi, walichora kwa rangi yake, wakiiga vyombo vya China. Mwaka 1710 kiwanda cha kaure kilianzishwa Meissen. Tangu miaka ya 1920 kobalti ya Katanga ilipelekwa Ubelgiji. Na hapa Likasi, palipoitwa Jadotville mpaka 1966, ilisafishwa viwandani. Basi tusimdharau mchimbaji. Uzuri wa meza huanza shimoni, na vumbi la jiwe humwingia yeye kwanza.